Kutua Pasipo Kiwanja

Aliyepanda juu hana budi kushuka. Jahazi lililonyimwa upepo hukaa majini likangoja. Gari lililozimika husimama kando ya njia, na mwenyewe akatoka akatafuta msaada. Eropleni haina subira hiyo. Nguvu zake zinapokwisha, nchi iliyo chini yake, iwe shamba, msitu au bwawa, ndiyo kiwanja chake, na dakika chache zilizosalia ndizo muda wote wa shauri. Insha hii yakusudia kusimulia jinsi binadamu alivyojifunza kutua mahali ambapo hapakutengenezwa kwa kutua, kisha kuyapima mafunzo hayo juu ya nchi moja iliyo yetu, nayo ni nyanda za juu za Njombe na Makambako.

Walimu wa kwanza wa elimu hii hawakuwa watu wa injini. Walikuwa warushaji wa glaida, yaani eropleni isiyo na mtambo wa kuivuta, ambayo huteleza juu ya hewa kama mtumbwi uteremkavyo na mkondo. Mjerumani Otto Lilienthal aliruka kutoka vilimani mara zipatazo 2,000 akitumia mabawa aliyoyaunda mwenyewe, mpaka alipoanguka mwezi wa Agosti 1896 akafa siku ya pili yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles uliwazuia Wajerumani wasiunde eropleni za injini kama walivyopenda. Vijana wao wakaukwea mlima wa Wasserkuppe, kuanzia mwaka 1920, wakafanya glaida kuwa chuo chao.

Katika miaka ile ya mwanzo kutua hakukuwa jambo la kuwatia mashaka mengi. Aliyeruka mlimani alitua chini ya mlima ule ule, katika majani aliyoyakanyaga kwa miguu yake asubuhi. Mambo yalibadilika mwaka 1926, wakati rubani Max Kegel aliponyakuliwa na wingu la dhoruba likamchukua mbali, kilomita zipatazo 55. Mwaka 1929 Robert Kronfeld akapita kilomita 100. Tangu hapo rubani wa glaida akawa msafiri, na kila msafiri wa namna hiyo hujua tangu anapoondoka kwamba huenda jioni ikamkuta katika shamba la mtu asiyemjua. Kutua nje ya kiwanja, ambako kwa mwenye injini ni msiba, kwa mwenye glaida kukawa sehemu ya kazi. Kwa kuwa kulikuwa sehemu ya kazi, kulifundishwa, kukawekewa kanuni.

Hapa pana jambo linalofaa kukumbukwa na kila asafiriye angani. Eropleni yenye injini moja, siku injini hiyo inapokufa, hugeuka glaida papo hapo, tena glaida mbaya, kwa sababu ni nzito na mabawa yake hayakuumbwa kwa kuteleza mbali. Glaida nzuri ya siku zetu, ikiwa na kimo cha kilomita moja, yaweza kwenda kilomita 40 katika hewa tulivu. Eropleni ndogo iliyozimika hupata kadiri ya robo ya masafa hayo, au pungufu. Kwa hiyo kanuni za watu wa glaida zawahusu watu wote wa angani, na wenye injini wazihitaji zaidi kuliko walivyozoea kukiri.

Tuje sasa katika Afrika yetu ya Mashariki. Mwezi wa Novemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, Waingereza walimleta rubani mmoja, Cutler, na eropleni yake ya majini, aitafute. Aliiona; lakini Desemba ya mwaka ule ule alishuka kwa lazima katika maji yaliyokuwa mikononi mwa adui, akatekwa. Basi tangu mwanzo wa urubani katika pwani hii, swali la mahali pa kushukia lilikuwa na uzito sawasawa na swali la kuruka.

Vita vilipokwisha, Waingereza walitaka njia ya anga kutoka Cairo mpaka Cape Town. Walituma watu mwishoni mwa mwaka 1918 na katika mwaka 1919 wapime nchi na kutayarisha viwanja zaidi ya 40. Adui mkubwa wa kazi ile alikuwa mchwa. Vichuguu vilivyo vigumu kama mawe vilibomolewa kwa sururu na kubebwa kwa vikapu, na mamia ya Waafrika walifanya kazi hiyo kwa miezi. Majina yao hayakuandikwa, lakini rubani aliyetua salama aliukanyaga udongo waliousawazisha wao.

Mwaka 1920 njia ilijaribiwa. Eropleni ya Vickers Vimy iliyowachukua marubani Cockerell na Broome, pamoja na mwanachuoni Chalmers Mitchell, iliondoka Uingereza Januari 24, ikavunjika Tabora Februari 27. Watu wake wakatoka hai, na safari ikaishia pale. Van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini walifika Cape Town Machi 20, lakini kwa eropleni ya tatu. Ya kwanza waliipoteza katika bonde la Nile, waliposhuka kwa lazima usiku. Ya pili ilishindwa kupaa Bulawayo, mji ulio juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Tuliangalie hili la Bulawayo, kwani litaturudia tukifika Njombe.

Mwezi wa Januari 1932 kampuni ya Imperial Airways ilianza kupeleka barua kutoka London mpaka Cape Town. Katika Tanganyika njia ilipita Moshi, Dodoma na Mbeya, na kati ya Dodoma na Mbeya rubani aliziona chini yake nyanda za juu za kusini. Lakini mwaka 1937 kampuni ileile iliihamishia njia yake pwani, ikatumia eropleni kubwa za majini zilizotua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Sababu za badiliko hilo zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa hii: bahari na ziwa havina vichuguu wala visiki, havihitaji kulimwa kila baada ya mvua, na chombo cha namna ile kilibeba kiwanja chake tumboni. Nyanda za juu zikabaki na viwanja vyake vichache, na rubani aliyepita juu yake hakuwa na maji ya kumpokea.

Na tuitazame nchi hiyo kwa jicho la aliye juu yake na mtambo umenyamaza. Njombe imekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makambako iko chini yake kwa mita zipatazo 300, mahali ambapo barabara ya kwenda Njombe na Songea huachana na barabara kuu ya Mbeya, na ambapo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita. Kati ya miji hii miwili pana kilomita zipatazo 60. Ardhi ni ya migongo ya vilima iliyofuatana kama mawimbi, na kila bonde lina kijito chake.

Hatari ya kwanza haionekani kwa macho, imo ndani ya saa. Kipimo cha kimo alicho nacho rubani, kikiwa kimelinganishwa na bahari, humwonyesha umbali wake kutoka baharini, wala si kutoka vilimani. Mshale ukisoma mita 2,300 juu ya Njombe, aliyezoea pwani aweza kujiona tajiri, kumbe ana mita 300 tu chini ya miguu yake. Tumchukue mwenye glaida nzuri aliye juu ya Njombe, na mshale ukasoma 3,500. Kwa hesabu ya karatasi, kilomita 60 zitamla mita 1,500, naye atafika Makambako mshale ukisoma 2,000, yaani akiwa na mita 300 hivi juu ya mji. Hesabu hiyo ni kweli ikiwa hewa imetulia. Upepo mdogo wa mbele, au hewa ishukayo nyuma ya kilima, utaila akiba ile kabla hajaiona reli.

Hatari ya pili ni wepesi wa hewa yenyewe. Katika kimo cha Njombe uzito wa hewa ni kama sehemu nne katika tano za ule wa pwani. Mabawa hayajui ila hewa iyagusayo. Kwa hiyo, ili yabebe mzigo uleule, yahitaji kwenda kasi zaidi kwa sehemu moja katika kumi. Saa ya mwendo haitaonyesha tofauti, maana nayo hupima hewa ileile nyepesi. Tofauti itakuwa ardhini: chombo kitagusa nchi kwa kasi iliyoongezeka, na nguvu ya kuimaliza kabla hakijasimama huzidi kwa sehemu moja katika tano. Shamba lililotosha Tanga halitatosha Njombe. Tena macho yatamdanganya. Ataona nchi inakimbia chini yake, adhani amezidisha mwendo, avute usukani apunguze; hapo mabawa yatakataa kubeba, na chombo kitaanguka kutoka kimo ambacho mtu angeweza kukirukia. Yampasa aiamini saa yake ya mwendo, ayanyime macho yake neno.

Hatari ya tatu ni ile iliyoletwa na maendeleo. Tangu mwaka 1949 miti ya miwati ilipandwa Njombe kwa ajili ya magamba yake ya kutengenezea ngozi; ikafuatwa na misindano na mikaratusi, na mashamba ya chai yakaenea Kibena na Luponde. Miti hii imewapa watu mishahara, kuni na nguzo, wala hakuna mwenye akili atakayeilaumu kwa kumea. Hata hivyo, migongo mipana ya majani iliyokuwa wazi imepungua, na miche ya mwaka mmoja au miwili, ikitazamwa kutoka juu, hufanana na malisho. Pamoja na miti umekuja umeme. Laini kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyokamilika mwishoni mwa miaka ya 2010, hupita katika nchi hii, na laini ndogo huingia vijijini.

Waya ni adui asiyeonekana. Januari 23, 1954, mwandishi Ernest Hemingway na mkewe walikuwa wakitazama maporomoko ya Murchison katika Uganda, eropleni yao ndogo ikagonga waya wa simu, nao wakaanguka kando ya Nile. Walipona siku hiyo, na kesho yake wakaingia eropleni nyingine huko Butiaba ikawaka moto. Watu wamezoea kulisimulia jambo hili kwa sababu ya jina la mwandishi, lakini fundisho lake liko katika waya. Rubani wa glaida hufundishwa asiutafute waya, kwa maana hatauona, autafute mlingoti. Nguzo mbili zikionekana, kati yake pana waya hata kama anga yaonekana tupu. Ndiyo maana barabara kuu ya Makambako, ijapokuwa yavutia kwa unyofu wake, si kimbilio. Barabara ina nguzo, mabango, malori na watu, na mabawa ya glaida, yenye upana wa mita 15 au zaidi, huizidi lami kwa pande zote mbili.

Basi msafiri huyo afanye nini? Kanuni iliyokomazwa na watu wa glaida yaweza kuelezwa kwa ngazi tatu. Akiwa na mita 600 juu ya ardhi, aache kutamani mji anaoutaka, ageukie upande wa nchi iliyo na mashamba ya kufaa. Akiwa na mita 450, awe amechagua shamba moja. Akiwa na mita 300, aanze kulizunguka kwa mpango, wala asibadili nia tena kwa kutafuta kizuri zaidi. Vimo hivi vyote huhesabiwa kutoka katika ardhi ile, wala si kutoka baharini.

Kulichagua shamba ni kulisoma. Katika Njombe mkulima ndiye mwandishi, na rubani hana budi kuujua mwandiko wake. Matuta ya viazi hutuliwa kwa kuyafuata, kamwe si kwa kuyakata. Mahindi yaliyokomaa ni sakafu ya uongo: chombo hukaa juu ya vichwa vyake kisha hutumbukia, au bawa moja hushikwa na mabua, likakizungusha. Chai yaonekana kama zulia, lakini chini ya majani yake mna vijiti vigumu. Vinyungu, yaani bustani za mabondeni zilimwazo wakati wa kiangazi, vina kijani kinachopendeza na udongo ulionywa maji. Gurudumu huzama humo na mkia ukapinduka. Mwezi wa Septemba au Oktoba majani yaliyochomwa moto huwa rafiki mwaminifu, kwa sababu majivu hufichua kisiki na kichuguu ambavyo majani mabichi yangevificha.

Liko pia jambo la mteremko. Kutoka juu, kilima huonekana kama uwanda, na aliyedanganyika hivyo akitua kwa kushuka hatasimama. Kijito ndicho kimsemeacho kweli, maana maji hayajui kudanganya: yalipo ndipo chini, na ardhi huinuka kuyaacha. Pale mteremko unapoonekana wazi, na atue kwa kupanda kilima hata ikiwa upepo wampiga mgongoni, aongeze mwendo kidogo ili apate nguvu ya kuinua pua ya chombo kuielekea nchi inayomkabili.

Kanuni hizi ni nyepesi kuandika. Ugumu wake haumo mikononi wala machoni, bali moyoni. Aliye na mita 600 na anauona mji mbele yake hujiambia kwamba labda atafika. Akifika 450 bado ana labda. Akifika 200 hana labda wala shamba. Wahenga walisema, kawia ufike. Lakini angani methali hiyo hugeuka, maana akawiaye kukubali kwamba hafiki ndiye hasa asiyefika popote. Salama ya kutua haikai katika shamba. Hukaa katika kimo ambacho mtu bado anacho saa ile anapoikubali kweli.

Historia yatupa mashahidi. Septemba 1936 Beryl Markham, rubani aliyekulia Kenya, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza. Injini ilipokosa mafuta juu ya pwani ya Nova Scotia, alichagua sehemu iliyoonekana wazi kati ya mawe, ilikuwa tope. Pua ya eropleni ikazama, naye akatoka akiwa na jeraha la kichwa, hai. Hakufika New York alikokuwa amekusudia, lakini alishuka akiwa bado akiongoza chombo chake, na chombo kinachoongozwa mpaka mwisho ndicho kimpacho mtu nafasi ya kupona.

Shahidi mwingine ni mchungu. Novemba 23, 1996, eropleni kubwa ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na watu watatu waliotaka ipelekwe Australia. Rubani Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakusadiki. Injini zote mbili zikafa, na chombo chenye watu 175 kikawa glaida juu ya visiwa vya Komoro. Rubani, akisumbuliwa na watekaji mpaka mwisho, alikishusha majini karibu na ufuko wa kaskazini wa Ngazidja. Bawa la kushoto liligusa kwanza, kikapasuka. Watu 125 walikufa. Wengine kati yao walikuwa wamejaza upepo maboya yao wakiwa bado ndani, na maji yalipoingia maboya yakawabana juu darini wasiweze kutoka. Watu 50 walipona, kwa kuwa aliyeongoza alikwenda palipokuwa na watu wa kuokoa, na wenyeji na wageni wa ufukweni walijitupa na mashua zao bila kungoja amri. Katika kisa hicho mwenye maarifa alikuwako, lakini hakuachiwa kuamua mapema. Wasiosadiki hesabu ya mafuta walikula kimo cha wote.

Kutua hakumalizi mambo, kuna kupatikana. Mrushaji mashuhuri Ernst Udet, baada ya kupiga picha za sinema katika Tanganyika mwaka 1930 na 1931, alikwama katika mabwawa ya Sudan akirudi kwao, na yumkini angefia huko kama Tom Campbell Black, rubani wa Nairobi, asingalimtafuta na kumwona. Katika Njombe bwawa la namna hiyo hakuna, lakini kuna ukungu wa miezi ya baridi, na kuna mabonde ambamo sauti ya simu haifiki. Anayepita huko na aache nyuma yake habari ya njia aliyokusudia, na aliyepewa habari hiyo ajue saa ya kuanza kuhangaika.

Lipo jambo la mwisho, ambalo vitabu vya urubani hulitaja kwa ufupi kuliko linavyostahili. Shamba analolichagua rubani si tupu. Ni viazi vya mtu, ni ada ya shule ya mwanawe, na pembezoni mwake pana mtoto anayechunga ng'ombe. Mtoto huyo atakimbia kuelekea kile asichopata kukiona, wala hatajua kwamba chombo kisicho na injini huja kimya. Kwa hiyo mwenye kutua huchagua kwa niaba ya watu wawili: yeye mwenyewe na yule aliye chini ambaye hakuulizwa. Akiisha kusimama, jambo la kwanza ni kuuliza kama yupo aliyeumia, la pili ni kumtafuta mwenye shamba, amwamkie, amwombe radhi na kumlipa kilichoharibika. Wabena wa Njombe ni wakulima, na mkulima hujua thamani ya tuta moja.

Tangu Lilienthal mpaka leo vyombo vimebadilika sana, lakini sharti halikubadilika. Watu wasio na majina waliobomoa vichuguu mwaka 1919 walifanya kazi ya kumpunguzia rubani mashaka ya ardhi. Mashaka yaliyobaki ni yake mwenyewe, na hayana wa kuyabomoa ila yeye, angali juu, angali na kimo, macho yake yakitazama majivu ya Septemba na mstari wa kijito, na mji alioutamani ukiachwa mbele bila kinyongo.